Papa ameacha kazi, sasa anapiga picha za ndege



Juma hili ninajibu ulizo lililotoka katika likelemba yetu. Mama mmoja alisema hivi: "Mwalimu, bwana yangu amestaafu. Kila asubuhi anachukua simu ya binti yetu, anashuka mpaka kando ya ziwa, anakaa pale anapiga picha za ndege. Majirani wanacheka. Je, hiyo ni kazi ya mtu mzima ao ni mwanzo wa ugonjwa wa kichwa?" Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Ameniruhusu niandike habari yake bila kutaja jina, na ninamshukuru, maana ulizo lake ni la nyumba nyingi hapa Bukavu.

Kwanza tuangalie kustaafu kwenyewe. Mtu ameamka saa kumi na moja asubuhi miaka 35, amevaa shati safi, ameshika chaki ao kalamu ya ofisi, watu wamemwita Mwalimu ao Shefu. Siku moja anaambiwa: pumzika. Kesho yake anaamka saa ileile, lakini hakuna anayemngojea. Pesa ya retreti inakawia, na ikifika haishibishi. Anakaa karibu na redio. Anaanza kuuliza bibi yake kwa nini chumvi imekwisha haraka, kwa nini mtoto amerudi saa hii na si saa ile. Wengine wanahamia kwenye meza ya kasiksi, na kutoka hapo ni hatua chache mpaka kwenye kanyanga. Tumewaona. Tumewazika wengine mapema, na watu wakasema ni tensheni. Pengine ilikuwa tensheni kweli, lakini hata kukosa sababu ya kuamka kunamchosha mtu.

Kwa hiyo, mzee akipata kitu kinachomtoa kitandani asubuhi bila kumpeleka kwenye pombe, tusikicheke haraka.

Sasa, kwa nini ndege? Kwa sababu wako karibu na hawaombi franka hata moja. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na ni moja kati ya nchi tajiri zaidi katika Afrika kwa jambo hilo. Si lazima kuingia msituni. Kaa mlangoni asubuhi na kahawa yako, utamwona yule mdogo mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia, ambaye kwa Kirundi na Kinyarwanda anaitwa inyamanza. Utaona mwewe akizunguka juu, na wewe mama unamjua vizuri kwa sababu ya vifaranga vyako. Utaona chozi, yule mdogo anayeng'aa kama chuma kilichopakwa mafuta, anayefyonza maua kwa mdomo mwembamba uliopinda.

Shuka kando ya ziwa, utamkuta mdiria mweusi na mweupe. Anasimama hewani palepale akipiga mabawa, kisha anaanguka ndani ya maji kama jiwe na kutoka na samaki mdogo. Wengi wetu tumemwona tangu utoto. Lakini ni nani kati yetu anayejua kumtofautisha dume na jike? Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, na jike ana mmoja tu, tena mara nyingi umekatika katikati. Kwa macho matupu ni vigumu kuona, maana ndege hatulii. Picha inamtuliza. Unarudi nyumbani, unaipanua, unahesabu mikanda. Hapo mzee amejifunza jambo jipya akiwa na miaka 67, na usiku huo ana neno la kuwaambia wajukuu.

Kuna pia wale wa manjano wenye kichwa cheusi wanaosuka viota vinavyoning'inia kwenye mitende. Dume ndiye anayesuka. Akimaliza, anajining'iniza chini ya kiota akipiga mabawa na kelele ili jike aje kukagua. Wakikaa siku kadhaa bila jike kukubali nyumba ile, dume anaibomoa na kuanza upya. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, wasichana walipiga makofi. Wavulana hawakupiga.

Na wakati wa mwanzo wa mwaka wa masomo, mwezi wa 9 na wa 10, mbayuwayu wanafika kutoka Ulaya. Wamevuka bahari na jangwa la Sahara, na uzito wao hauzidi sana ule wa barua moja. Mwezi wa 3 na wa 4 wanarudi kule kuzaa. Mzee anayeandika tarehe ya kuwaona wa kwanza kila mwaka, baada ya miaka 10 atakuwa na daftari lisilopatikana katika ofisi yoyote ya mji huu.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hili ndilo jambo kubwa kwangu. Kuna ndege wa misitu yetu anayefanana na tausi, na duniani kote anaishi Congo peke yake. Mwaka 1913, Mmarekani mmoja jina lake James Chapin aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mtu wa Ituri. Akauchukua, lakini hakujua ni wa ndege gani. Alikaa nao miaka 23. Mwaka 1936, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando, na kibandiko kinasema ni tausi wachanga wa India. Akalinganisha na unyoya wake: ni wao. Ndipo dunia ikasema kwamba amegundua ndege mpya. Lakini jiulizeni, unyoya ule ulitoka wapi? Ulitoka kichwani mwa mtu wa msitu, ambaye alimjua ndege huyo, alijua analala wapi na analia namna gani. Hakumwandika tu.

Ndivyo ilivyo kwetu. Koko anajua ndege anayetangaza mvua, anajua yule aliyekuwa mwingi wakati wa ujana wake na sasa haonekani. Akifa, habari hiyo inazikwa naye. Picha yenye tarehe na mahali, na jina la ndege kwa Mashi, kwa Kirega ao kwa Kifuliru, ni ushuhuda. Haihitaji diploma.

Tena hata leo mambo hayajaisha. Katika milima ya Itombwe, hukuhuku Kivu ya Kusini, kuna bundi aliyepatikana mara moja mwaka 1951. Ikapita miaka 45 bila mtaalamu yeyote kumshika tena. Mwaka 1996 mmoja akanaswa kwa wavu katika msitu uleule. Ni mmoja kati ya bundi wasiojulikana zaidi duniani, na ni jirani yetu. Sisi tukisikia bundi juu ya bati, tunatuma watoto na mawe kwa sababu tunaamini ameletwa na mchawi. Najua imani hiyo ina mizizi, sitaing'oa kwa safu moja. Nasema tu kile ninachokijua: chakula cha bundi ni panya, wale wanaokula mahindi yako ghalani.

Sasa tuje kwa mazoezi. Mzee wako akitaka kuanza, ao wewe mwenyewe mama ukitaka, mambo ni haya.

Anza na simu iliyopo nyumbani. Usikope pesa kununua kamera. Pangusa kwanza kile kioo kidogo cha nyuma kwa kitambaa safi. Picha nyingi mbaya za kwetu ni mafuta ya mikono tu. Kuvuta kwa vidole juu ya kioo hakuleti ndege karibu, kunapanua tu kipande cha picha na kukiharibu. Afadhali kumkaribia polepole. Kama kuna jimeli ndani ya nyumba, weka jicho la simu kwenye tundu moja la jimeli, utashangaa.

Jua liwe nyuma yako. Ndege akikaa kati yako na jua, utapata kivuli cheusi chenye mdomo. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa kumi za jioni. Mchana kati mwanga ni mkali na ndege wenyewe wanapumzika.

Usimfukuze ndege. Chagua mti mmoja unaozaa ao unaochanua, kaa, egemea ukuta ili mikono isitetemeke, ngoja. Dirisha la nyumba ni mahali pazuri sana, maana ndege wameizoea nyumba. Weka sahani pana yenye maji kidogo uani, watakuja kunywa na kuoga. Lakini maji hayo yamwagwe kila siku, tusije tukafuga mbu na malaria kwa jina la ndege.

Usiguse kiota wala kukata majani ili picha iwe wazi. Majani yale ndiyo pazia la nyumba yao. Ukiyatoa, mwewe na nyoka wanaona mayai sawasawa na wewe.

Andika. Daftari la mwanafunzi linatosha: tarehe, saa, mahali, ndege alikuwa anafanya nini. Mwenye simu ya kisasa anaweza kupakua programu ya bure inayoitwa Merlin, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani. Unaiwekea picha, inakupendekezea jina. Mara ya kwanza inakula mega nyingi, basi ipakue mahali penye wifi. Na isiaminiwe kama Injili; linganisha na wazee.

Baada ya miezi sita, kama moyo bado unapenda, ndipo familia iongee juu ya kamera ya mkono wa pili. Kwa ndege watu wanatafuta lensi ndefu, milimita 300 ao zaidi. Bei yake si ya mchezo. Ni neno la kuongelewa mezani, bibi akiwa amekaa na amesikilizwa.

Kuna mahali pa kutopiga picha, na hapa siongei kwa mchezo. Usielekeze simu wala kamera kwenye kambi, kituo cha polisi, barriere, mpaka, daraja, bandari, uwanja wa ndege, ao mtu mwenye silaha. Hata kama mdiria mzuri kuliko wote amekaa juu ya nguzo ya daraja, mwache. Mzee akiulizwa, aonyeshe picha zake kwa heshima bila kubishana. Aage nyumbani mahali anapokwenda. Msitu wa Kahuzi-Biega una ndege wengi wa ajabu, lakini kule unaingia na walinzi wa ICCN wakati njia iko salama, si peke yako. Katika nyakati zetu hizi za mashaka, ua wa nyumba, bustani ya parokia na kando ya ziwa vinatosha. Tena watu waombwe ruhusa kabla ya kuingia katika picha; mama anayefua ziwani si ndege.

Sasa nirudi kwa mama aliyeuliza, maana sijamaliza naye. Tulipobaki wawili aliniambia kile kilichomuuma kweli. Alisema: "Mwalimu, yeye amestaafu. Mimi nitastaafu lini? Anapokaa kando ya maji kungoja ndege, mimi niko njiani na bidoni."

Ulizo hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Ofisi inamwandikia papa barua ya kupumzika. Nani anamwandikia mama? Mama anauza sambaza, anapika, analea wajukuu ambao wazazi wao wako kwenye machimbo ao ng'ambo ya mpaka, na nywele zake ni nyeupe sawasawa na za bwana yake. Kama picha za ndege zinazaa saa mbili za utulivu kwa mmoja na bidoni ya pili kwa mwingine, ndege hawana kosa, lakini nyumba ina kosa.

Niliwaendea wote wawili na mama mmoja mzee wa kikundi, kama desturi yetu. Hatukumhukumu mtu. Mzee alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema hakuwahi kufikiri kwamba saa zake zinatoka kwa mtu mwingine. Walipatana hivi: yeye akishuka ziwani asubuhi anashuka na bidoni mbili na mkokoteni, anapanda nazo. Wajukuu wawili anawapeleka shuleni yeye, na njiani wanahesabu ndege. Siku ya posho asubuhi ni ya mama, na simu ni yake. Sikuambii kwamba kila kitu kimekuwa asali. Juma la pili mzee alirudi na picha nzuri na bidoni moja tupu, na maneno yalisikika mpaka barabarani. Lakini mapatano yangali yanasimama.

Na siku ya posho yake ya tatu, mama yule hakulala. Alichukua simu akatoka. Alirudi na picha ya mdiria juu ya mtumbwi uliofungwa. Bwana akaipanua na kusema kwa haraka: dume. Mama akamwambia ahesabu tena. Mkanda ulikuwa mmoja.

Nimeona faida nyingine katika kata ile, kwa sababu wanafunzi wangu kadhaa wanakaa pale. Zamani vijana walizunguka na manati, kila ndege ni shabaha. Mzee hakuwafukuza. Aliwaonyesha picha ndani ya simu, akawaambia atakayemwonyesha ndege asiyekuwa katika daftari, jina la kijana huyo litaandikwa pembeni. Sasa wanagombania majina. Manati hayajaisha, nisiseme uongo, lakini yamepungua mbele ya nyumba yake. Na mtoto mmoja aliyekuwa mzito katika kusoma aliomba apewe kazi ya kuandika tarehe. Mimi mwalimu wake sikulipata jambo hilo kwa fimbo wala kwa zawadi.

Picha zinaonyesha pia yale tusiyopenda kuona. Katika picha moja ya kando ya ziwa, yangeyange mweupe amesimama juu ya rundo la chupa za plastiki. Chupa zilezile zinazotoka katika mitaro yetu ndizo zinazosukumwa na maji mpaka kwenye mtambo wa umeme wa Ruzizi na kuusumbua, kisha tunalalamika kwamba umeme umekatika. Picha ile imebandikwa katika darasa langu. Sijaandika neno chini yake. Wanafunzi wanaisoma wenyewe.

Na kasuku yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye wengi wanamwona ndani ya kitundu tu: mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa huko Johannesburg, biashara ya nchi na nchi ya kasuku wa mwitu wa aina hiyo ilikatazwa, kwa sababu wameshikwa kupita kiasi katika misitu ya Afrika, na ya kwetu ikiwemo. Korongo mwenye taji ya dhahabu, aliye katika bendera ya Uganda, naye yuko katika orodha ya walio hatarini tangu mwaka 2012. Mabwawa anamotaga yanalimwa, na vifaranga vinachukuliwa kuwa mapambo ya nyua za matajiri. Anayewapenda ndege hawa na awapige picha, awaache na miguu yao.

Basi, mama uliyeuliza: bwana yako si mgonjwa. Ni mtu aliyeondolewa darasani na sasa amejifungulia darasa lingine. Msaidie alifunge kwa wakati ili maji yafike nyumbani.

Na kwa vikundi vyote nina pendekezo. Juma hili, kila mama amuulize koko mmoja, wa kwake ao wa jirani, jina la ndege mmoja kwa lugha ya nyumbani, na neno moja ambalo wazee walisema juu yake. Mwenye simu apige picha, asiye na simu amweleze ndege alivyo. Leteni katika mkutano wa juma lijalo. Katibu atafungua daftari la kikundi, na ukurasa wa kwanza utakuwa na jina la koko aliyetoa habari, si langu.

Tuonane juma lijalo. Tutaongea juu ya watoto wanaokataa sombe.